Ukishaliona Ni Lako

Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane katika nchi mbalimbali zilijaribu karatasi moja ya Shirika la Afya Duniani kwenye vyumba vyao vya upasuaji. Zilikuwa Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland na Ifakara, kwenye bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Karatasi ilikuwa na vipengele 19, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kigeni kwa daktari mpasuaji. Huyu ndiye mgonjwa tuliyemkusudia? Anapasuliwa upande gani? Dawa ya kuzuia maambukizi ameshapewa? Vitambaa, sindano na vyombo vimehesabiwa vikatimia? Matokeo yalitoka Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na waliopata matatizo baada ya upasuaji walipungua kutoka asilimia 11 hadi 7.

Watafiti hawakudai kwamba karatasi ina uganga. Walisema sababu za mabadiliko hayo ni nyingi na zimeshikana. Mimi naona jambo moja lenye uzito kuliko mengine. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Na anayesoma karatasi kwa sauti mara nyingi ni muuguzi. Asipopata jibu, kazi haiendelei. Daktari bingwa anasubiri neno la mtu ambaye kwa desturi husubiri kutumwa.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya muuguzi huyo na wenzake walioko kila mahali pa kazi: saidia fundi, karani wa stoo, utingo, mlinzi wa geti, mhasibu msaidizi, mwalimu aliyeripoti kituoni mwezi uliopita. Kwa kawaida tunapozungumzia uongozi tunawasahau watu hawa. Tunawaambia wawe watiifu, tunafunga semina. Lakini wao ndio wanaoona kwanza nyaya zinazoungua, hesabu isiyolingana, mtoto aliyekonda, na breki inayolia. Bosi hupata habari baadaye, kama atapata.

Kanuni ninayokupa ni moja. Jambo baya ukishaliona ni lako, hata kama si wewe uliyelisababisha na hata kama si wewe utakayelirekebisha. Linaacha kuwa lako siku unapomkabidhi mwenye uwezo nalo, naye akalipokea. Neno la mwisho hapo ni muhimu, na ndilo linaloangusha wengi. Kumwambia mtu jambo akiwa anapita na simu sikioni si kukabidhi.

Anza na zamu yako

Kazi nyingi haziharibiki mikononi mwa mtu mmoja. Zinaharibikia katikati, zinapotoka mkono huu kwenda mkono mwingine. Muuguzi wa usiku anajua mgonjwa wa kitanda cha nne amekataa kula tangu jana. Wa asubuhi hajui. Fundi wa zamu ya kwanza ameondoa kifuniko cha mashine ili kuilainisha. Wa zamu ya pili anaiwasha. Mlinzi wa mchana ameona kufuli ya geti la nyuma inalegea, akasema ataitaja, kisha daladala ikaja.

Kwa hiyo mazoezi ya uongozi yaanzie hapo, kwenye makabidhiano, kwa sababu hapo huhitaji ruhusa ya mtu yeyote. Piga marufuku kinywani mwako sentensi ya "mambo yote sawa". Badala yake mwambie anayekupokea mambo manne: kilichofanyika, kilichobaki, kinachonitia wasiwasi, na ninachokuomba ukifanye kabla ya saa fulani. La tatu ndilo watu huliruka, kwa sababu wasiwasi hauna ushahidi kamili na hakuna anayependa kuonekana mwoga. Liseme tu. "Presha yake iko kawaida ila hanifurahishi, anajibu kwa kuchelewa." Mwenzako akiambiwa hivyo atamtazama yule mgonjwa kwa jicho jingine.

Kisha muombe arudie ulichosema. Mara ya kwanza itaonekana kama dharau, hasa akiwa amekuzidi umri, kwa hiyo jitangulize wewe: ukipokea zamu, rudia mwenyewe bila kuombwa. "Kwa hiyo kitanda cha nne nimpime kila baada ya saa moja, na dokta ajulishwe akizidi kuzubaa, sivyo?" Wenzako watakuiga kabla hujawafundisha. Mwisho, andika kwenye kitabu cha zamu, na uandike kilichotokea, si maoni. "Saa 9 alasiri kufuli ya geti la nyuma inafunguka bila ufunguo, nimemjulisha msimamizi" ni mstari unaosaidia. "Ulinzi hauridhishi" haumsaidii mtu.

Kuna zoezi jingine la wiki moja. Chagua kitu kimoja unachokitoa mkononi kila siku, iwe ripoti, sahani ya chakula, tofali au hati ya malipo, umfuate anayekipokea na umuulize: kikifika kwako, huwa kinakupa tabu gani? Karani wa stoo anayemfuata fundi kwenye saiti kwa swali hilo anaweza kugundua kwamba mifuko ya saruji anayoipanga vizuri sana inafika ikiwa imeshika unyevu, kwa kuwa inashushwa juu ya udongo mtupu. Barua yake ya ajira haiutaji udongo wa saiti. Lakini sasa ameshaona.

Kumwambia mkubwa "bado"

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife huko visiwa vya Canary, ndege kubwa ya shirika la KLM ilianza kukimbia ili kuruka wakati ndege ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia ileile, ndani ya ukungu. Mhandisi aliyekuwa ndani ya ndege ya KLM alisikia mazungumzo ya redio yakamtia shaka. Akauliza kama yule wa Pan Am hajatoka. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba ametoka. Mhandisi hakusema tena. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyochukua roho nyingi kuliko hiyo katika kugongana au kuanguka kwa ndege za abiria.

Yule mhandisi si mtu wa kulaumiwa. Yeye ndiye aliyeuliza. Tatizo ni kwamba aliuliza swali, na swali likishajibiwa limekwisha. Baada ya misiba ya namna hiyo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wafanyakazi wao kupanda ngazi ya maneno: ukianza na swali na halikutosha, unasema ulichokiona, halafu unataka kazi isimame. Ngazi hiyo inafaa jikoni, gereji na ofisini pia, na kwa Kiswahili chenye adabu inaweza kwenda hivi.

Kwanza swali: "Daktari, vitambaa vimetimia?" Pili, taarifa yenye namba au kitu cha kushikika: "Daktari, tulitoa ishirini, nimehesabu kumi na tisa, mara mbili." Tatu, ombi la kusimama, na hili liwe sentensi moja fupi: "Daktari, naomba tusifunge mpaka kipatikane." Nne, kama bado hajasikia, unamgeukia mwingine mwenye mamlaka mle ndani na kumwambia kwa sauti ya kawaida kwamba kuna kitambaa hakijaonekana. Hakuna kelele katika ngazi hiyo, wala tusi, wala neno la kumshusha mtu.

Najua kinachokukwamisha. Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa, na malezi hayo yana thamani, siyapingi. Lakini angalia yanavyotumika kazini: tunazungushia onyo maneno mengi ya samahani, labda, sina uhakika, pengine nimekosea mimi, mpaka lenyewe linapotelea humo. Mkubwa anasikia heshima, hasikii hatari. Adabu iweke mwanzoni, toa shikamoo yako, taja cheo chake, halafu sema kitu chenyewe kikiwa uchi. "Mzee, samahani nakukatiza. Jeki imeanza kuteleza. Toka chini ya gari." Mzee huyo akishatoka chini ya gari hatakumbuka kwamba ulimkatiza.

Wapo watakaokushauri ufunike kombe mwanaharamu apite. Kwenye ugomvi wa majirani ushauri huo una busara. Kwenye jeki, dawa, moto na fedha za watu ni ushauri mbaya sana, na nitausema hivyo hata akiwa anautoa mtu ninayemheshimu.

Amua mapema mahali pa kusimama

Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kikifanya safari kati ya Bugolora, Ukerewe, na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Bwisya. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220.

Sisemi hapa kosa lilikuwa la nani. Nataka uitazame ile namba 101. Haikuhitaji elimu ya uhandisi. Kwenye kivuko chochote, basi lolote, lifti yoyote, kuna namba ambayo mkata tiketi, mpakiaji mizigo na abiria mwenyewe wanaweza kuihesabu. Ugumu hauko kwenye hesabu. Uko kwenye dakika yenyewe: jua linazama, watu wanapiga kelele, mama ana mtoto mgonjwa anataka kuvuka, mzigo wa mfanyabiashara umeshalipiwa, na hakuna usafiri mwingine leo. Katika dakika hiyo mtu mwema kabisa husema "panda tu". Huruma yake ni ya kweli. Na ndiyo inayomponza.

Kwa sababu hiyo, usisubiri dakika hiyo ndipo uamue. Kaa na msimamizi wako siku tulivu, asubuhi, kabla ya foleni, umuulize: "Nikifika tiketi ya ngapi nafunga dirisha? Na ukiwa hupatikani kwa simu, nafunga mwenyewe?" Pata jibu, liandike, libandike mahali linapoonekana na kila mtu, pamoja na abiria. Sasa siku ya zogo hutakuwa ukiwakatalia watu kwa roho mbaya yako. Utakuwa ukisoma kilichoandikwa ukutani, na aliyekiandika ni bosi.

Fanya hivyo katika kazi yako, iwe ipi. Mpishi wa shule aamue mapema ni dalili zipi kwenye mahindi, ukungu au harufu, zinamfanya asiyapike hata kama hakuna mengine. Mhasibu msaidizi aamue ni hati gani hasaini pasipo kiambatisho, hata kama mwenye haraka ni mkurugenzi. Dereva wa lori aamue ni saa ngapi za usingizi akizikosa hagusi usukani. Kila mmoja awe ameshamtamkia mtu uamuzi huo. Uamuzi uliofichwa moyoni huyeyuka mbele ya mtu mkali.

Ukiwa huna pa kuegemea

Hapa lazima nizungumze kwa haki. Kumwambia kibarua wa siku, asiye na mkataba, kwamba awe jasiri mbele ya mnyapara anayeweza kumfukuza kwa kunyoosha kidole, ni kumtwika mzigo wa mtu mwingine. Mwenye ajira ya kudumu, mwenye chama cha wafanyakazi, mwenye jina linalojulikana, ndiye anayepaswa kutangulia kusema, na aseme pia kwa niaba ya yule. Ukiwa fundi mkuu na saidia fundi wako amepandishwa ghorofani bila mkanda, wewe ndiye wa kusimamisha kazi. Usimsubiri yeye alalamike.

Hata hivyo, sheria haiko kimya kama wengi wanavyodhani. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake hatari kubwa anayoiona, na inamzuia mwajiri kumrudisha mtu mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda anayejiondoa kwenye hatari ya haraka kwa sababu ya msingi, na mwaka 2022 shirika hilo liliuingiza katika mikataba yake ya msingi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Karatasi peke yake hazimzuii mnyapara mkali, ila zinabadilisha namna unavyozungumza naye. Hujamkaidi mtu. Umetimiza unachodaiwa.

Kwa vitendo: usiende peke yako, nendeni wawili au watatu. Jambo mlilosema kwa mdomo lifuatishe kwa ujumbe mfupi wa simu siku hiyohiyo, wenye adabu na tarehe: "Mkuu, kama tulivyozungumza asubuhi, jukwaa la upande wa barabara limelegea nguzo mbili. Tunasubiri maelekezo." Ujumbe wa namna hiyo hufanya kazi mbili. Unamkumbusha, na unaonyesha baadaye kwamba ulikabidhi. Piga picha ya jukwaa, usimpige picha mtu. Zipeleke picha kwa anayehusika, si kwenye kundi la WhatsApp la watu mia tatu, maana ukishamwaibisha mtu hadharani atajitetea yeye kwanza na jukwaa litabaki limelegea.

Mambo mengine madogo nayataja kwa haraka. Ukikosea, sema wewe kabla hujagunduliwa, na useme ukiwa na hatua ya kwanza ya kurekebisha mkononi. Ukiahidi, taja siku na saa. "Nitaleta kesho kutwa saa nne" inaweza kudaiwa, "usijali" haiwezi. Na mahali pako pa kazi pawe pamepangwa kiasi kwamba kilichopungua kinajionyesha chenyewe. Hospitali nyingi za Tanzania zimejifunza jambo hili kutoka viwanda vya Kijapani na zimelipa maneno matano yanayobandikwa ukutani: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Manne ya kwanza yanaweza kufanywa kwa siku moja ya ugeni wa kiongozi kutoka wizarani. La tano ndilo linalohitaji mtu asiye na cheo anayerudisha mkasi mahali pake saa nane usiku.

Kwa mwenye watu chini yake, hata mmoja

Kama una mtu mmoja tu unayemtuma, sehemu hii inakuhusu, kwa sababu yote niliyoyaeleza yanategemea utakavyolipokea neno lake la kwanza.

Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha Tanzania wakati huo, ilitoa Mwongozo wake, na kifungu cha 15 kilizungumzia mwenendo wa viongozi: ubezi, ubabe, anasa, dharau kwa watu. Wafanyakazi wa viwandani walikishika kwa mikono miwili, na miaka iliyofuata kukawa na migomo, hata mameneja wakakataliwa waziwazi. Kilikuwa kifungu chenye nguvu, na hasira zile zilikuwa na sababu zake. Lakini nikikitazama leo naona kwamba kukataza ubabe ni nusu ya kazi. Mahali pa kazi panahitaji dakika ya kawaida, isiyo ya hasira, ambayo mdogo anaulizwa kila siku na jibu lake linasubiriwa. Ifakara walikuwa na dakika hiyo kwenye karatasi. Kwenye mistari ya uzalishaji ya viwanda vya Toyota waliweka kamba: mfanyakazi yeyote akiona kasoro aliivuta, msimamizi wake alikuja palepale, na kasoro isipotatuliwa kwa wakati mstari ulisimama.

Kamba ni rahisi kununua. Kinachofundisha watu ni sura ya msimamizi anapofika. Akija na "nani amevuta?", kamba hiyo haitavutwa tena mpaka siku mtu atakapoumia. Aje na "umeona nini?"

Kwa hiyo anza siku kwa swali mahususi. "Kuna tatizo?" hujibiwa "hakuna, bosi" hata moto ukiwaka. Uliza: "Leo ni kitu gani kinaweza kutuharibikia?" Muulize aliye mdogo kwanza, kabla wakubwa hawajatoa maoni yao, maana baada ya hapo atawaunga mkono tu. Kisha nyamaza. Mpe nafasi ya kuhangaika kidogo na maneno yake. Ukiona ukimya unakusumbua wewe, uvumilie, usimsaidie kwa kujijibu.

Na siku atakaposimamisha kazi bure, kitambaa cha ishirini kikapatikana chini ya meza, kilikuwa hakijaingia tumboni mwa mgonjwa hata kidogo, na dakika kumi zimepotea, mshukuru mbele ya wote waliomsubiri. Mshukuru kwa kusimamisha, usimfanyie utani, kwa sababu wengine wote wanakutazama ili wajue watafanya nini zamu yao ikifika. Akikuletea jambo usiloweza kulitatua, mwambie hivyo, mwambie umelipeleka kwa nani, na umtajie siku utakayomrudishia jibu. Siku hiyo ikifika na jibu hujalipata, mfuate yeye kabla hajakufuata.